Kijana wako ana kipandauso na usiku hapati usingizi: jinsi ya kufuata tiba ya tabia kwa simu ukiwa Bukavu

Maswali ni yale yale. Mama anauliza kama ni kweli kichwa kinaweza kutibiwa kwa simu. Papa anauliza kwa nini amlipe mtu wa kuongea na mtoto wakati dawa zipo farmasi. Kijana mwenyewe, akipata nafasi ya kusema bila wazazi, anauliza jambo moja tu: nitapata usingizi lini? Nimeandika mwongozo huu ili familia ya hapa Bukavu, iwe ya Kadutu, ya Ibanda au ya Bagira, iweze kuanza vizuri, bila kumaliza mega (data ya intaneti) na krediti kwa kubahatisha.

Maumivu ya kijana wako ni ya kweli, haigizi. Usingizi mbovu huamsha kipandauso, na kipandauso huvuruga usingizi; viwili hivyo vinalishana. Tiba ya tabia inakata mzunguko huo kwa kupanga upya saa za kulala, mazoea ya kitandani na namna kijana anavyopokea maumivu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vijana 135 wa miaka 10 hadi 17 wenye kipandauso sugu. Wote walipewa dawa moja, amitriptyline, lakini kundi moja liliongezewa tiba hii na lingine likapewa mafundisho ya kawaida juu ya maumivu ya kichwa. Kundi la tiba lilipunguza siku za maumivu kwa 11.5 katika kila siku 28. La mafundisho kwa 6.8. Huko Seattle, watafiti Emily Law na Tonya Palermo wamefuata njia hiyo kwa vijana wenye kipandauso na kukosa usingizi kwa pamoja. Nadharia inatosha hapo.

Shika neno moja tangu mwanzo: mazungumzo ya simu huchukua kama dakika 45 kwa wiki. Kazi yenyewe inafanyika nyumbani siku zote zinazobaki. Familia inayongojea mtaalamu aponye kupitia skrini huacha baada ya wiki tatu na kusema haikusaidia.

Saa nitaziandika kama zinavyoonekana kwenye simu: 22h00 ni saa nne usiku, 5h30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Kabla ya yote, apimwe

Tiba ya simu ni ya kijana ambaye daktari au muuguzi amekwisha kumwona ana kwa ana na kusema hiki ni kipandauso. Kwetu, homa na kichwa kuuma ni malaria mpaka TDR, kipimo cha haraka cha malaria, ikatae. Usiruke hatua hii kwa sababu "tunajua ni kile kichwa chake cha kawaida". Apimwe na macho pia, hasa kama anasogeza daftari karibu na pua au haoni ubao.

Kipandauso cha vijana huja kwa vipindi vya kati ya saa 2 na siku 3. Mara nyingi kinashika pande zote mbili za kichwa, au paji la uso, wakati watu wazima wengi huumwa upande mmoja. Kichwa kinapwita, mwanga na kelele vinamchosha, tumbo linamchafuka, anatafuta giza.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya:

- homa na shingo iliyokakamaa;
- maumivu makali yaliyomshika ghafla, ambayo hajawahi kuyapata;
- kichwa kilichoanza baada ya kuanguka au kupigwa;
- degedege, kuchanganyikiwa, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili;
- maumivu yanayomwamsha usiku au kumtapisha kila asubuhi, na yanazidi wiki hadi wiki.

Vitu vya kuandaa

- Simu moja inayopokea video, hata kama ni ya mzazi, na spika za masikioni.
- Mega za kutosha kipindi kimoja kwa wiki. Sauti peke yake hutumia mega chache kuliko video, na mtaalamu mzuri atakubali.
- Daftari la kurasa 48 na kalamu. Hili ndilo la lazima kuliko yote.
- Saa ndogo ya mezani yenye kengele, ili simu isilale na kijana.
- Taa ya kuchaji au betri ya akiba kwa siku ambazo umeme wa SNEL unakatika.
- Mtu mzima mmoja atakayesimamia ratiba. Mmoja, siyo wanne wanaopingana.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mtaalamu, na umuulize bila aibu. Unamtaka mwanasaikolojia wa kliniki au daktari wa akili aliyezoea vijana. Muulize alisomea wapi, anafanya kazi kituo gani, na vipindi vitakuwa vingapi. Tiba hii kwa kawaida ina mpango unaojulikana, vipindi sita hadi nane au zaidi kidogo, kila kimoja na kazi ya nyumbani. Mtu asiyeweza kukueleza mpango wake, au anayeahidi kuponya kabisa mradi umtumie pesa yote leo kwa simu, mwache. Usipojua pa kuanzia, uliza kituo cha afya cha mtaa wenu wakuelekeze, au nenda kituo cha afya ya akili cha SOSAME hapa mjini. Programu za simu zipo pia, kama WebMAP ya timu ya Palermo, lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Kwa kijana wetu mtu anayeongea naye lugha yake anafaa zaidi.

2. Panga kipindi cha kwanza vizuri. Mtaalamu akiwa Kinshasa, kumbukeni wao wako nyuma yetu kwa saa moja: 15h00 yao ni 16h00 yetu. Miadi mingi inapotea hapo tu. Mzazi awepo dakika kumi za mwanzo na dakika tano za mwisho. Katikati, kijana abaki peke yake na spika masikioni. Nyumba ikiwa ndogo, watoto wengine watoke barazani au wapelekwe kwa jirani kwa muda huo. Kijana anayejua kwamba dada yake anasikiliza nyuma ya pazia hatasema kinachomkosesha usingizi. Kama simu ni ya familia, mkubaliane kwamba ujumbe wa mtaalamu hausomwi na kila mtu.

3. Jaza daftari wiki mbili bila kubadilisha kitu. Kila asubuhi, dakika tatu. Ukurasa unaweza kuonekana hivi:

*Jumanne. Nilipanda kitandani 21h00. Usingizi ulikuja karibu 0h00. Niliamka mara 1. Niliamka kabisa 6h00. Mchana nililala kwa muda wa saa 1 baada ya shule. Kichwa: kuanzia 11h00 hadi 16h00, ukali 7 juu ya 10. Dawa: parasetamoli mara 1. Sikula asubuhi. Chai jioni vikombe 2.*

Msichana aandike pia siku za hedhi, maana kwa wengi kipandauso hufuatana nazo. Akadirie tu, asikae usiku akitazama saa ili ajaze vizuri. Kujaza wiki nzima siku ya Jumapili, dakika chache kabla ya mtaalamu kupiga simu, ni kujidanganya, na mtaalamu atapanga ratiba juu ya uongo.

4. Funga saa moja ya kuamka. Hii ndiyo nguzo. Kama shule inaanza 7h30 na safari ni ndefu, iwe 5h30, na iwe hivyo Jumamosi na Jumapili pia. Akizidisha sana, iwe muda wa saa moja tu. Wazazi wengi wanaanza upande wa pili: wanamlazimisha mtoto kulala mapema. Usingizi haulazimishwi. Kuamka kunaweza kulazimishwa, na baada ya siku kadhaa usingizi wa jioni unasogea wenyewe. Akiamka, atoke nje kwenye mwanga. Hapa jua linachomoza karibu 6h00 mwaka mzima, kwa hiyo hatuna kisingizio: apige mswaki nje, achote maji, afagie baraza. Ubongo wa kijana hupenda kuchelewa kulala, na mwanga wa asubuhi ndio unaourudisha kwenye saa yake.

5. Punguza muda wa kukaa kitandani, kwa upole. Rudi kwenye ile Jumanne: kutoka 21h00 hadi 6h00 ni saa 9 kitandani, na usingizi saa 6. Saa tatu nzima amejigeuza gizani, akijifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Kwa hiyo mtaalamu atapendekeza apande kitandani akiwa amechelewa zaidi, kwa mfano 22h30, na kuamka kubaki 5h30. Ni saa 7. Kwa kijana msishuke chini ya hapo. Wiki ikipita naye akalala sehemu kubwa ya muda huo, kama asilimia 85, mnarudisha nyuma kwa dakika 15: 22h15, kisha 22h00, mpaka afikie usingizi unaomtosha. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10, kwa hiyo safari inaelekea 21h00 au kabla, lakini safari hii akipanda anasinzia.

Onyo: hatua hii msiifanye bila mtaalamu. Kupunguza usingizi ghafla kunaweza kuleta kipandauso kikali. Mwenye kifafa, mwenye vipindi vya furaha iliyopitiliza, au anayetembea usingizini, asiifanye mpaka daktari akubali.

6. Kitanda kiwe cha kulala tu. Asisomee hapo, asile hapo, asiongee na simu hapo. Usingizi usipokuja kwa muda unaohisi kama dakika 20, ainuke, akae mahali pengine penye mwanga hafifu, afanye jambo la kuchosha kidogo: kukunja nguo, kusoma kitabu cha shule alichokwisha kusoma. Akisinzia, arudi. Najua nyumba zetu: kitanda kimoja, watoto watatu, chumba kimoja. Basi kiti kimoja ukutani kinatosha, au mkeka unaotandikwa wakati huo tu. Asitoke nje ya nyumba usiku.

7. Simu itoke chumbani saa moja kabla ya kulala. Ndiyo, ile ile simu ya tiba. Ilale kwa mzazi. Tatizo kubwa ninaloliona ni mega za usiku: kwa kuwa ni nafuu, kijana anangoja usiku wa manane ili azitumie, kisha tunashangaa kichwa kinauma saa nne asubuhi. Kama bajeti inaruhusu, mnunulie mega kidogo za mchana. Faida yake ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Na mzazi naye aweke simu yake chini. Kijana hatii amri anayoiona ikivunjwa kila usiku sebuleni.

8. Jifunze kulegeza mwili. Hapa nasema nawe, kijana. Keti au lala chali. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lipande. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika mbili. Kisha kunja ngumi zote mbili kwa nguvu kwa sekunde tano, ziachie, na usikilize mikono inavyokuwa mizito. Pandisha mabega hadi karibu na masikio, shikilia, yaachie. Kunja uso wote kama umelamba ndimu, uachie. Shuka tumbo, mapaja, vidole vya miguu. Dakika kumi zinatosha. Zoezi hili lifanywe kila siku, hata siku ambayo hakuna maumivu. Anayelianza kichwa kikiwa kimekwisha kuwaka haoni matunda. Mwombe mtaalamu alirekodi kwa sauti yake na kulituma kwa WhatsApp. Lipakue mchana, ili usiku lisikike hata mtandao ukifa. Mzazi aliwashe na kuondoka na simu likiisha.

9. Mahangaiko yapewe saa yake. Jioni, kama 18h00, kijana aandike robo saa yote yanayomzunguka: interro (jaribio la darasani) ya hesabu, ada ya shule, Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) kwa aliye mwaka wa mwisho, mambo ya nyumbani, milio ya risasi usiku. Mbele ya kila jambo aandike hatua moja ndogo ya kesho, au "si kazi yangu". Mtaalamu atamfundisha pia kuyajibu mawazo yanayotisha. "Nisipolala leo, kesho nitaanguka" linajibiwa kwa daftari lake mwenyewe: Alhamisi alilala kwa muda wa saa tano tu na interro alifaulu.

10. Chakula, maji, chai. Kijana anayetoka nyumbani bila kula na kurudi 13h00 amekwisha kukiita kipandauso. Uji, kiazi kitamu kimoja, ndizi mbili, chochote kabla ya shule, na chupa ya maji ya kunywa. Chai ya rangi, kahawa, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu visivuke 14h00. Kuna jambo la maombi ambalo nalisema kwa heshima: kufunga bila maji na mkesha wa usiku kucha ni vichocheo viwili vya kipandauso kwa wakati mmoja. Kijana huyu aombewe mchana, naye aombe mchana. Zungumzeni na mchungaji au padri. Wengi wanaelewa wakielezwa.

11. Dawa ziwe na mipaka. Tiba hii haimkatazi dawa. Shambulio likianza, ameze mapema dawa na kipimo alichoandikiwa kwa uzito wake, parasetamoli au ibuprofeni, asingoje hadi atapike. Lakini ihesabiwe kwenye daftari. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko (dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja) siku 10 au zaidi, miezi mitatu mfululizo, anaweza kupata kichwa kinachotokana na dawa zenyewe. Siku mbili kwa wiki ndio mpaka mzuri. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16. Tramadoli, dawa kali ya maumivu inayouzwa kidonge kimoja kimoja, isiingie nyumbani kwenu kwa ajili ya kichwa.

12. Mrudishe kwenye maisha kidogo kidogo. Mzazi, acha kumuuliza kila saa "kichwa kinauma?". Swali hilo linamfanya akitafute. Muulize alicheka na nani shuleni. Siku ya maumivu madogo aende shule hata nusu siku. Akae nyumbani siku ya maumivu makali tu, na siku hiyo iwe ya kupumzika kwelikweli, bila televisheni wala michezo ya simu. Mweleze mwalimu mkuu kwa barua fupi ya daktari: aruhusiwe kunywa maji darasani, kukaa mbali na dirisha lenye jua kali, na kumeza dawa yake mapema.

Mambo yakikwama

*Wiki ya kwanza ya ratiba mpya anazidi kuchoka.* Ni kawaida. Asilale mchana, akishindwa kabisa, dakika 20 kabla ya 15h00. Akianza kusinzia barabarani au vipandauso vikiongezeka sana, mpigie mtaalamu aongeze muda wa kitandani.

*Anasoma zamu ya mchana.* Saa ya kuamka ibaki ya asubuhi, 6h00 kwa mfano. Watoto wa zamu hii ndio wanaoteleza hadi saa nne asubuhi kitandani.

*Umeme unarudi 23h00 na ndipo anataka kusoma.* Asomee alfajiri, 5h00, akisogeza saa zote mbili za kulala na kuamka. Wiki ya mitihani pekee mnaweza kulegeza, na mumwambie mtaalamu mapema.

*Mtandao unakatika katikati ya kipindi.* Mkubaliane tangu siku ya kwanza: video ikikatika tunapiga simu ya kawaida, nayo ikishindikana tunatumiana sauti za dakika mbili mbili. Kipindi kisifutwe.

*Kipandauso kimemshika saa ya kipindi.* Azime video, chumba kiwe giza, asikilize zoezi la kulegeza mwili robo saa, basi.

*Usiku wa milio ya risasi.* Ratiba inawekwa kando. Mlale mahali penye usalama, pamoja. Kesho yake aamke saa ile ile kama hali inaruhusu, bila lawama. Lakini kijana anayeota tukio lile lile kila usiku, anayeruka kwa kila kishindo, anayeogopa kufumba macho, ana jeraha lingine linalohitaji tiba yake. Mwambie mtaalamu waziwazi, na muende mkaonwe ana kwa ana.

*Anakoroma sana, anakatika pumzi usingizini.* Hilo si la tabia. Arudi kwa daktari, atazamwe koo na pua.

*Amesema hataki kuishi, au ameaga watu, au ametoa vitu vyake.* Msingoje kipindi. Asibaki peke yake hata dakika, dawa zote za nyumbani zifungiwe, na mumpeleke hospitali au SOSAME siku hiyo.

*Vipindi vimekwisha, miezi miwili baadaye usingizi umeharibika tena.* Hutokea sana baada ya likizo ndefu. Toa daftari, jaza wiki moja, rudi hatua ya 4 na ya 7 kabla ya kitu kingine. Baada ya wiki mbili bila mabadiliko, omba kipindi kimoja cha ukumbusho. Wataalamu wengi hukipanga bila kuanza upya mpango wote.